Nani anaisoma orodha yote ya dawa zangu? Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa za Dar es Salaam, na wote mnaopanga mafao ya bima ya afya.

YAH: WAGONJWA WA LUPASI, SONONA, NA DAWA NYINGI ZISIZO NA MSIMAMIZI

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Temeke, mama wa mtoto mmoja. Nina lupasi, ule ugonjwa ambao madaktari huuandika SLE kwenye faili. Kwa siku nameza vidonge 12: saba asubuhi baada ya chai, kimoja mchana, vinne usiku. Vipo vya kutuliza kinga ya mwili, vipo vya figo na presha, kipo cha kulinda tumbo lisichomwe na hivyo vingine, vipo vya kalsiamu kwa sababu hivyo vingine hula mifupa, na kipo cha sonona. Viliandikwa na kliniki nne tofauti. Tangu nianze matibabu mwaka 2019 sijapata kukaa mbele ya mtu mmoja mwenye dhamana akaviweka vyote mezani na kuniuliza vinanifanyaje.

Ndilo jambo lililonifanya niandike.

Niliumwa miaka miwili kabla ugonjwa haujapata jina. Ilianza na homa za jioni. Zahanati ya mtaani walinipima malaria kwa kipimo cha haraka, hamna kitu, wakanipa dawa mseto hata hivyo. Mwezi uliofuata ikawa taifodi. Uliofuata, UTI, nikapewa Septrini, na homa ikapanda zaidi. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba dawa za jamii hiyo ya salfa zinaweza kuiamsha lupasi. Asubuhi vidole vilivimba hadi nikashindwa kushika chaki. Duka la dawa wakanizoesha diklofenaki, nikawa naitafuna kama karanga, kumbe figo zangu zilikuwa zinashambuliwa tayari na mimi naziongezea mzigo. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Usoni, mashavu yote mawili na juu ya pua, ngozi ikabadilika. Wenye vitabu wanasema upele huo ni mwekundu, una umbo la kipepeo. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu haukuwa mwekundu. Ulikuwa weusi uliobabuka, kama mtu aliyechomwa na mkorogo, na hivyo ndivyo majirani walivyosema: mwalimu anajichubua. Wengine wakasema nimeungua, yaani nina VVU kwa lugha ya mtaani. Shangazi yangu, kwa mapenzi yake, alinipeleka kwa mganga wa kienyeji nikachanjwa chale.

Wiki za zamu ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Mwalimu wa zamu husimama na watoto mstarini asubuhi, na jua la Dar es Salaam, hasa Januari hadi Machi, halisubiri saa nne ndipo liwe kali. Nikirudi ofisini ngozi inawaka, jioni homa, usiku maungio yote yanauma. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo. Nilipovimba miguu na mkojo ukaanza kutoa povu kama la sabuni, nililazwa, na daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni akakaa pembeni ya kitanda akaniuliza: "Dada, ukikaa juani huwa unajisikiaje?"

Miaka miwili hakuna aliyeniuliza hivyo. Aliagiza kipimo cha damu cha ANA, kinachosaidia kugundua lupasi, na cha protini kwenye mkojo. Majibu yalipotoka, figo zilikuwa zimekwisha anza kuharibika. Kijana yule sijui yuko wapi sasa. Kila nikisali namtaja.

Kwa wasioujua ugonjwa huu: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hushambulia viungo vya mwenye mwili, ngozi, maungio, figo, mapafu, moyo, damu, hata ubongo. Hauambukizi. Kati ya wagonjwa kumi, takribani tisa ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa kati ya miaka 15 na 44, umri wa kusoma, kuolewa, kuzaa na kufanya kazi. Sisi wenye asili ya Afrika hutupata zaidi, na figo zetu huumia zaidi. Hauponi ukaisha. Hutulizwa kwa dawa.

Sasa nije kwenye dawa zenyewe.

Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, iliniokoa maisha, sitaki kuwa mchoyo wa shukrani. Nilianza na miligramu 40, na kwa kuwa vidonge nilivyopewa ni vya miligramu 5, nilikuwa nameza vinane kila asubuhi. Ndani ya wiki moja nilishika chaki. Ndani ya miezi miwili uso ulikuwa umejaa kama mwezi, shingo imenenepa nyuma, tumbo limetoka. Mjini hapa unene ni sifa. "Mwalimu umenawiri! Maisha yamekukubali!" Nilikuwa nacheka nao, kisha naingia chooni kulia. Usiku silali. Saa tisa za usiku niko jikoni nakula ugali wa baridi kwa mkono, njaa isiyokwisha. Sukari ilipanda, presha ikapanda. Na hasira, Waheshimiwa. Hasira ambayo sikuzaliwa nayo. Siku moja mwanangu alimwaga maji sakafuni nikampiga kwa namna ambayo mpaka leo akiona nimeshika kikombe kwa nguvu ananitazama usoni kwanza. Niliamini nimekuwa mama mbaya. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa ile inaweza kumgeuza mtu moyo na akili, kumkosesha usingizi, kumpandisha na kumshusha. Kama ningejua, ningemwambia mtoto: mama anaumwa, si wewe.

Basi nikaiacha. Peke yangu, bila kumuuliza mtu, kwa sababu niliutaka uso wangu. Siku ya tano nilizimia, presha imeshuka, natapika, nikabebwa na majirani kwenye bajaji. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mwili ukizoea prednisoloni kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake ya asili, na ukikatisha ghafla mwili hubaki mtupu. Hupunguzwa polepole, kwa mpango. Karatasi iliyo ndani ya boksi inasema hivyo, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazima hazisomi. Mimi ni mwalimu na sikuisoma. Mama muuza vitumbua anayekaa nami benchi moja kliniki ataisomaje?

Haidroksiklorokwini ina historia yake. Sisi tuliokua miaka ya tisini tunaikumbuka ndugu yake, klorokwini, uchungu wake na ule muwasho wa mwili mzima, kabla haijaondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Kwetu wa lupasi dawa hii ndiyo nguzo. Inapunguza milipuko ya ugonjwa na kulinda viungo. Lakini ikitumika miaka mingi inaweza kuharibu retina, kwa hiyo macho yanatakiwa kupimwa mwanzoni, na baada ya miaka mitano yapimwe kila mwaka. Mwaka 2020, dunia ilipoikimbilia kama tiba ya korona, ambayo baadaye ikathibitika kuwa haiitibu, sisi tulioitegemea tulizunguka Kariakoo duka hadi duka. Nilikata dozi nusu ili zifike mwisho wa mwezi, na ugonjwa ukalipuka. Simlaumu mtu kwa korona. Ninachosema ni kwamba wagonjwa wa kudumu wa dawa hii hatukuwa kwenye orodha ya mtu yeyote niliyemuuliza.

Azathioprini, nyingine ya kutuliza kinga, nayo hushusha chembe nyeupe za damu, lazima damu ipimwe mara kwa mara. Ikikutana na allopurinoli, dawa ya gauti, inaweza kuziangusha chembe hizo kwa hatari. Na dawa zote hizi za kushusha kinga humfungulia mlango kifua kikuu, katika nchi ambayo TB tunaijua.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili mwone kwamba hatari nyingine hukaa kati ya kidonge na kidonge. Daktari wa figo anaangalia figo, wa viungo anaangalia viungo, wa macho macho. Kila mmoja ana faili lake. Mimi ndiye ninayebeba habari kutoka mlango mmoja hadi mwingine, tena siku ambazo kichwa changu chenyewe hakishiki mambo.

Na kichwa hicho ndicho nilichokuja kukieleza hasa.

Sonona ni neno zuri kwa kuwa limetoka kwenye kusononeka, ambako kila mtu anakujua. Tatizo ni kwamba watu wakilisikia wanafikiri ni huzuni. Yangu haikuwa huzuni. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni, na saa nzima ikapita sijavaa cha pili. Sauti ya watoto darasani ilinifikia kama inatoka nyumba ya jirani. Ramadhani mbili sikufunga kwa sababu ya dawa, nikakaa mezani wakati wa futari nikiona sistahili hata tende. Nikaanza kufikiria kufa, si kwa kishindo, kwa utulivu, kama mtu anayefikiria kuhama nyumba.

Nilimgusia daktari mmoja kwamba sijisikii vizuri moyoni. Alikuwa na foleni ndefu, namwelewa. Akasema, "Punguza mawazo, mama." Nikarudi nyumbani nikajaribu kupunguza mawazo.

Kwa mgonjwa wa lupasi, sonona inaweza kutoka sehemu tatu. Ugonjwa wenyewe unaweza kuingia kwenye ubongo. Prednisoloni inaweza kuileta. Na maisha yenyewe yanatosha: maumivu, mimba zinazoharibika, mume anayechoka, mshahara unaoishia duka la dawa. Tiba ya kila moja ni tofauti. Ya kwanza huenda ikahitaji dawa ya kutuliza kinga iongezwe, ya pili ipunguzwe! Haiwezekani kujua ni ipi bila mtu kukaa, kuuliza, na kutazama orodha yote.

Mimi nilipofika kwenye kliniki ya afya ya akili, ilikuwa ni kwa msaada wa sista mmoja wa zamu ya usiku aliyeniona nikilia na hakuniambia ninyamaze. Huko nikaandikiwa amitriptilini. Faili la lupasi lilibaki jengo jingine. Mdomo uliokuwa mkavu ukakauka zaidi, uzito ukaongezeka juu ya uzito, nikawa nasinzia mbele ya darasa la nne. Nilidhani figo zimeshindwa. Nilipodadisi kwa mfamasia, ndipo nikaambiwa ni kidonge cha usiku, kwamba dozi inaweza kurekebishwa na zipo dawa nyingine za kujaribu. Ilibadilishwa. Niliambiwa nisubiri wiki kadhaa ianze kufanya kazi, na kweli, wiki ya sita niliamka nikajikuta nimevaa viatu vyote viwili bila kukumbuka kuvivaa.

Kwa hiyo naomba hivi.

Kwenye kila kliniki inayoona wagonjwa wa lupasi awepo mtu mmoja, mfamasia au muuguzi aliyefundishwa, ambaye kazi yake ni kupitia dawa zote za mgonjwa, zikiwemo zile za duka la mtaani na za mizizi, angalau kila baada ya miezi mitatu. Ampe mgonjwa kadi moja ya dawa, kwa Kiswahili, ambayo kila daktari atalazimika kuisoma kabla ya kuongeza kidonge. Iandikwe humo kwa herufi kubwa ni ipi haiachwi ghafla, ni ipi haiendani na ujauzito, ni lini damu na macho yapimwe. Najua mabingwa wa rumatolojia ni wachache mno nchini, na hawatazalishwa kwa mwaka mmoja. Hii haihitaji bingwa.

Msiniambie haiwezekani. Tumeshafanya. Kliniki za CTC zinawahudumia watu wanaoishi na VVU kwa kadi moja, ushauri nasaha uko humo humo, na mwenye hali tulivu anapewa dawa za miezi mitatu hata sita. Mjomba wangu anatibiwa huko na huwa ananihurumia mimi. Naomba mpango wa namna hiyo hiyo. Mgonjwa asiye na mlipuko asipande daladala kila mwezi na jua hili, apange foleni tangu alfajiri, ili aambiwe dirishani kwamba leo ipo moja, nyingine kanunue nje.

Kila hudhurio, tuulizwe kuhusu akili zetu kama tunavyopimwa presha. Dodoso la maswali tisa, PHQ-9, lipo kwa Kiswahili na halimalizi dakika kumi. Lakini swali lake la tisa linauliza kama ndani ya wiki mbili zilizopita mtu amewaza kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kuwaza si kosa, nimejua hilo baadaye. Wakati ule sikujua, nikaogopa kwamba nikisema ukweli nitapewa fomu ya polisi na mwanangu atachukuliwa. Nikaandika "hapana". Waziri wa Afya hatungi sheria peke yake, lakini sauti yake bungeni inasikika, na mimi naiomba sauti hiyo ili mgonjwa aweze kujibu swali la tisa kwa ukweli. Naomba pia huduma hiyo iwe kwenye chumba kile kile cha kliniki ya lupasi. Mjini hapa mtu akionekana akiingia mlango wa akili, utani wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, humfuata hadi kazini.

Losheni ya kukinga jua ni dawa kwetu. Naomba isihesabiwe kipodozi. Pale Moshi inatengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Ujuzi upo ndani ya nchi. Uzalishaji uongezwe utufikie na sisi, bila kuwapunguzia wao.

Kuhusu bima nitasema machache. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mnapopanga kitita, haidroksiklorokwini, vipimo vya kufuatilia figo, macho na damu, na huduma ya afya ya akili vikae pamoja. Kumlipia mgonjwa dawa na kutomlipia kipimo cha kuona kama dawa hiyo inamdhuru ni kumwacha nusu ya njia. Na walimu, askari wa barabarani, wauza mboga, wote wanaofanya kazi juani wakiwa na cheti cha daktari, waajiri waagizwe kuwapa kivuli. Mwalimu mkuu wangu alinibadilishia zamu za mstarini kwa zamu za maktaba pale tu nilipomwonyesha picha za uso wangu. Hakuna waraka uliomwongoza. Ulikuwa utu wake.

TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba, hupokea taarifa za madhara ya dawa, hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Nimelijua hilo mwaka jana. Libandikwe kwenye kila dirisha la dawa.

Kliniki yangu ijayo ni Jumatano. Nina daftari la mazoezi, la kurasa 64, nimelipigia mistari kama rejista ya darasa: jina la dawa, nani aliiandika, lini, inanifanya nini. Ukurasa wa sasa una safu ya mwisho niliyoiacha wazi, juu yake nimeandika "Aliyeisoma". Nitakuja nalo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mgonjwa wa lupasi
Temeke, Dar es Salaam